Vugo Bila Waitikiaji

Mama,

Nina hasira, na nikikasirika wewe ndiye niliyekuwa nikikwambia. Basi nivumilie.

Jumamosi tulimuoza Rukia, binti wa kaka, huko Mambrui. Nilizitoa zile pembe zako za ng'ombe kabatini, nikawagawia wasichana, kila mmoja na kijiti chake cha kugongea. Walifurahi, nami nikajua leo ngoma yetu ya harusi, vugo, itapigwa kama enzi zako. Tuliposhika njia na bibi arusi nikaanza ubeti wa kwanza, nikanyamaza ili waitikie. Nageuka, pembe wamezibana kwapani, simu juu, wananipiga video. Mmoja akaniambia, "Endelea, shangazi, umependeza." Kwani mimi sinema?

Unakumbuka redio ya marehemu baba pale barazani? Wimbo ukipigwa mara mbili, mtaa mzima unao, hata muuza mahamri anauimba akipita. Leo kwa kaka wamo watano sebuleni, kila mmoja kajiziba masikio kwa visikizio vya simu yake. Nimewauliza, nitajieni wimbo mmoja mnaoujua nyote. Kila mmoja akanitajia wake.

Akaja yule mpiga muziki wa kukodi, akaomba rekodi yako aiweke kwenye spika. Nikamkatalia, tena kwa ukali. Lakini Mama, hapo ndipo paliponichoma. Siku ile uani nilipokuwa nakurekodi uliniambia, "Weka simu chini uitikie, mwanangu, mimi si wa milele." Nami nikakujibu, nitajifunza, si imo humu. Sikujifunza. Njiani Mambrui, mbele za watu, ubeti wa tatu ulinishinda, nikaurudia wa kwanza. Hakuna aliyejua kuwa nimekosea, na hilo ndilo lililoniuma zaidi. Wewe ungenikata jicho, na Bi Zuhura jirani angecheka mpaka akae chini.

Sasa ubeti ule ninao, nimeukalia siku tatu nzima nikisikiliza rekodi yako.

Pumzika, Mama, Mola akurehemu. Dada yake Rukia anaolewa mwezi wa mfungo sita. Nakuahidi kila Alhamisi alasiri nitakuwa uani kwa kaka na zile pembe. Nitaimba ubeti, ninyamaze, ningoje. Wasipoitikia, nitaurudia na kungoja tena, mpaka waone haya kuniacha peke yangu.

Mwanao,
Mwanaisha