Kopo Lisilo na Karatasi Ndani ya Debe la Unga

Mpendwa Mama Mshauri, shikamoo. Naomba msaada wako upesi maana tangu Jumanne situlii, naanza kufagia naacha, nachota maji nasahau ndoo bombani, mimi ni mama wa watoto wawili hapa Nyakato, mume wangu Machibya ni mfanyakazi wa kiwanda cha minofu ya sangara, sasa hivi yuko visiwani anapokea samaki wa kiwanda, atarudi mwisho wa mwezi, na siku hiyo ndoa yangu itapona au itavunjika.

Mama, mwaka jana nilibatizwa Sabato, mume wangu hakubatizwa, na kanisani mama mmoja wa Kizungu akatufundisha kupika bila nyama wala samaki, akatugawia kila mmoja kopo la hamira ya lishe, si ile ya maandazi, hii imeshauawa kwa moto haiumui kitu, ni chenga za njano unanyunyizia mboga ikikaribia kuiva na mchuzi unanukia kama supu ya kuku. Sasa mume wangu namjua, mboga isiyo na samaki kwake ni malisho ya ng'ombe, basi nikapika kunde kwa karanga, nikatia vijiko viwili, nikanyamaza. Akaramba vidole. Akaniuliza, "Mama Nkwabi, leo kuku umempata wapi?" Nikacheka tu, hilo ndilo kosa langu Mama, na miezi mitatu yote nimekuwa nikicheka, yeye akaacha hata kuleta mapanki, ile mifupa ya sangara inayobaki wakishatoa minofu, akaacha na kilabu cha pombe, akawa anawahi nyumbani mpaka wenzake wanamtania.

Kopo lilikuwa na karatasi ya Kiingereza, jirani yangu Shamsia ambaye amesoma akaniambia imeandikwa hamira, nikaogopa, maana mtaani kwetu mwenye kopo zima la hamira watasema anapika gongo, na mimi ni Msabato, nikaloweka kopo, nikabandua karatasi nikaichoma, kopo nikalifukia ndani ya debe la unga. Jumanne mama mkwe, amekuja kutusalimu kutoka Misungwi, akatia mkono achote unga wa ugali, akakutana nalo. Akafungua, akanusa, akasema, "Kumbe! Ndiyo maana mwanangu siku hizi anawahi nyumbani kama ndama. Umemlisha limbwata." Nikasema mama hicho ni chakula, akasema, "Chakula gani kinajificha?" Kopo amelifunga kwenye khanga yake, anasema Machibya akirudi wataitwa wazee na ng'ombe wa mahari watarudi Misungwi. Yule Mzungu alisharudi kwao. Nisubiri hao wazee, au nikimbilie kwetu Bujora mapema?

Mama Nkwabi, Nyakato

JIBU

Marahaba, Mama Nkwabi. Kwanza kachukue ndoo yako bombani, kisha ukae chini unisikilize.

Nimekuhurumia, lakini na mkweo nimemwelewa. Mama mzazi akute unga wa njano usio na jina umezikwa ndani ya debe, na mwanawe ameacha kilabu ghafla, ulitaka afikiri nini? Uliogopa kuitwa mpika gongo, sasa unaitwa mwenye limbwata. Umeruka mkojo ukakanyaga mavi, mwanangu, na hilo umejitakia.

Tena usijifiche nyuma ya hamira, hamira haina kosa. Mumeo alikuuliza habari ya kuku kwa kinywa chake, ukacheka. Mtu mzima huambiwa kilichomo kwenye sahani yake. Kama unamwogopa hata kwa kunde, jambo zito utamwambiaje?

Bujora usiende. Ukikimbia, wazee hawatakuwa na la kuuliza tena. Wenzako kanisani walipewa makopo kama lako, na sidhani wote ni waoga kama wewe. Leo hii kaazime moja lenye karatasi yake, umwite Shamsia aisome kwa Kiswahili mbele ya mkweo. Yeye si Msabato wala si ndugu yako, hana sababu ya kukusitiri. Kisha piga goti, umwombe mama radhi kwa kuficha. Limbwata usiombee radhi, hukulitia.

Halafu washa jiko mchana, mlango wazi. Mwombe mama alifungue lile kopo kutoka kwenye khanga yake, anyunyizie yeye mwenyewe hizo chenga kwenye kunde. Uonje wewe kwanza, kisha wanao wale, ndipo umpe mama mwiko aonje.

Machibya akifika, umwambie wewe, kabla mama hajamwambia na kabla hajanawa mikono: hapakuwa na kuku hata siku moja. Weka kunde upande huu na sangara wa kukaanga upande ule, achague. Akichagua samaki, mkaangie bila kununa, maana aliyebatizwa ni wewe. Akichagua kunde, hapo ndipo utajua kwamba anapenda upishi wako.

Na kopo likae rafuni, karatasi ikitazama mlango.