Panya wa Neema

Miyuji, Jumanne

Panya wa Neema amekufa, na ni kwa haraka yangu.

Umeme ulikatika tukiwa katikati ya upasuaji, panya akiwa bado kwenye usingizi wa dawa. Uliporudi, Neema, mwanafunzi wangu, alisema, "Madam, tuipime upya mashine ya sindano. Isije ikawa imepoteza alama yake ya kuanzia."

"Hii inajipima yenyewe," nilimjibu, nikabonyeza kitufe. Mkono wa mashine ukashusha sindano kwenye ubongo, ukapitiliza.

Neema alikuwa amemfundisha panya yule kwa miezi. Utafiti wake wote ulikuwa pale.

Alimfunika kwa kitambaa, akaanza kufuta meza.

Nilimwambia pole. Pole, kana kwamba ni msiba tu umemkuta! Neno lililotakiwa ni samahani, na nimerudi nalo nyumbani.