Nyonga za Watoto Uliowaacha Kakuma

Mwalimu wangu,

Ejok. Ulipenda tukusalimie hivyo kwa Kiturkana, ingawa wewe mwenyewe hukuwahi kulitamka sawasawa.

Tumevua shanga. Siku tuliyokuzika Lodwar, wasichana wote wa darasa lako la baleti tulizivua bila kuambiana. Unakumbuka siku ya kwanza ulipotuamuru tuzivue ili uone mabega yetu? Tulilia tukidhani umeletewa habari za msiba, maana kwetu shanga huvuliwa kwa ajili ya maiti. Mama yangu alikuja shuleni akitweta: "Nani amekufa kwetu? Mbona unatoa watoto shanga?" Uliomba radhi, nusura umwombe radhi hata mbuzi wake. Basi ukatuachia shanga zetu, ukahamia kwenye nyonga.

Na zangu zilikuwa balaa. Shingo na mgongo vilinyooka kwa kubeba maji kichwani, ukavisifu. Kumbe huku chini upande wa kushoto ulikuwa umepanda kwa kumbeba mdogo wangu kiunoni. Ulisimama nyuma yangu, mkono huku na mkono huku, kama unayesawazisha sufuria juu ya mafiga. "Usiukalie mguu. Simama juu yake." Nikiling'ang'ania lile bomba la kisima ulilolifunga ukutani, ulinichapa vidole: "Hilo ni la kugusa tu." Kioo hatukuwa nacho. Mikono yako ndiyo iliyoniambia nimenyooka.

Nina hasira na wewe, nakwambia kweli. Ulikuwa na homa, bado ukapanda lori kwenda Kakuma kwa sababu uliwaahidi watoto wa huko. Ukafundisha ukitetemeka. Wakati wa kurudi lori likakwama mbele ya mto uliofurika, ukafia pale, na dawa ziko Lodwar. Ndugu zako walio mbali hata kaburi hawajaliona.

Sasa mimi ndiye niliyeletwa Kakuma kushika darasa lako. Watoto wengi wameacha. Nakiru hajaacha, yule mdogo uliyempenda. Anasimama kando ya ufito wa kushikia uliofungwa ukutani, visigino pamoja, anasukuma vidole vya miguu nje mpaka vitazamane na kuta mbili, maana ndivyo alivyokuona ukisimama. Lakini miguu yake inageukia gotini, si nyongani. Jana goti lilivimba. Nikamshika nyonga kama ulivyonishika mimi, nikangoja mikono iniambie kitu. Haikuniambia chochote, Mwalimu. Nilitoka nje nikalia.

Niliporudi nikamwambia asogeze vidole ndani, afungue miguu kidogo tu, pale nyonga inapokubali. "Basi sitakuwa kama Mwalimu," akasema, akanigeuzia kisogo. Hapa hakuna wa kumuuliza. Wewe ndiye ungeulizwa.

Nisamehe, lakini leo nimemkatalia tena, na kesho nitamkatalia. Sijui kama darasa litafika mvua zijazo. Ninachokuahidi ni kimoja: hakuna mtoto nitakayemgeuza mguu kupita nyonga yake, hata wote wanichukie waende zao.

Lala, Mwalimu. Nakiru huenda asicheze kamwe kama wewe. Nataka akiwa bibi kizee aende kisimani kwa miguu yake mwenyewe.

Mwanafunzi wako,
Akai