Jicho la Mama Musimbi

Tryphosa, uko? Nimejifungia ofisini na sitaki kuongea na mtu mwingine.

Leo nilitumwa niwaelezee watu wa kiwandani kuhusu bima yao ya matibabu. Nimeongea Kiingereza saa nzima, wao wanatingisha kichwa tu.

Nikafika kwa sehemu ya matibabu ya macho. Nikasema bima inalipia mfanyakazi, bibi na watoto. Mzee Wabuge, yule wa boila ya mvuke, akainua mkono. “Madam, hiyo ya macho inaanza lini?”

Nikamwambia, “Mzee, iko tangu uandikwe kazi. Miaka tisa.”

Miaka tisa, Tryphosa. Na nilisema nikitabasamu, nikidhani nampa habari njema.

Akasema polepole, “Bibi yangu, Mama Musimbi, alipoteza jicho la kushoto mwaka jana. Presha ya macho. Tulikuwa tunangoja madaktari wa bure waje kwetu Soy.” Kisha akakaa.

Nimetoa faili yake. Pahali pa kuandika bibi ni tupu. Fomu ni ya Kiingereza, sahihi ni yake, muhuri ni wangu. Sikumuuliza kitu siku alipoijaza.

Nimemwita, nikamwomba msamaha. Hakukasirika, na hiyo ndiyo imenimaliza. Aliuliza tu kama jicho la kulia bado linaweza kuandikwa.

Tumejaza fomu pamoja, nikimsomea kila mstari kwa Kiswahili. Anampeleka Mama Musimbi hospitali Alhamisi.

Nimechoka, dada. Kwa kabati kuna fomu zingine mia mbili, na zote nilizipiga muhuri hivyo hivyo.