Nyumba Isiyo na Moshi

Jumatatu, 6/10
Nyumba ya nne leo. Bati linavuja, na wanataka garanti, amana ya kodi ya miezi sita. Nimeifuta kwenye orodha.
Jumapili tunatoka kwa binamu. Wakwe zake wanahamia kwake. Tukikosa nyumba, Mama atarudi kambini Kashuga, chini ya turubai, na kifua chake kile. Sitakubali.

Jumanne, 7/10
Papa Bahati, komisioneri, dalali wa nyumba, ametuonyesha nyumba ya mbao juu ya soko. Vyumba viwili, jiko nje, halina mlango. Mwezi wa kwanza bure, garanti ya mwezi mmoja tu. Nimeogopa. Punguzo kama hilo lina sababu.

Jumatano, 8/10
Nimekwenda kumwuliza mwenye nyumba, Mama Sifa, mjane wa kilima cha pili. Watu wameanza kung'oa mbao za uzio. Ikikaa tupu zaidi, wataingia. "Nyumba bila moshi iko ya kila mutu." Punguzo ni la atakayepika pale kila siku, maana kutoka kilimani kwake anaona paa na moshi. Nimetaka mkataba kwanza. Amecheka. Niandike mwenyewe, niliyesoma.

Ijumaa, 10/10
Mkataba nimeuandika mara tatu. Kurasa mbili. Nilikuwa kwenye kifungu cha maji Bahati alipokuja. Kuna mfanyabiashara wa maharage. Anatoa garanti ya miezi sita, anataka kuweka magunia. Kesho saa nne wanakwenda kwa Mama Sifa. "Dada, karatasi yako iko muzuri. Lakini ye iko na feza."
Namchukia. Najichukia zaidi. Siku mbili za vifungu.

Jumamosi, 11/10
Nimeamka, Mama hayupo. Sufuria haipo.
Nimemkuta kwenye jiko la ile nyumba, anapuliza kuni mbichi, anakohoa. Moshi mzito. Nimemwambia hatujatia sahihi popote. Ameniagiza maji. Nimeleta.
Saa tano Mama Sifa amefika peke yake, matope hadi magotini, ufunguo mkononi. Anasema amemrudisha yule wa magunia: magunia hayapiki. Nimetoa mkataba. Hakuutazama. "Nimeona moshi. Karatasi utanisomea siku ingine." Kisha akachungulia majani ya muhogo sufuriani. "Mama, sombe na mawese kidogo hivi?"

Jumapili, 12/10
Tumehama. Magodoro mawili, sanduku, sufuria.
Mvua mchana kutwa. Jioni kuni zimekataa. Mama amewasha moto kwa ukurasa wa pili wa mkataba. Nimemwacha. Kisha nimempa wa kwanza.