Nyumba Kumi Zisizo na Watoto

Baba yangu, balozi wa nyumba kumi,

Barua za kwetu huanza kwa kuuliza hali. Yako naijua: umelala, hudaiwi mchango, wala hakuna anayekugongea alfajiri kwamba ng'ombe wameingia shambani. Hali yetu ndiyo nataka uisikie. Mfereji umekauka tena kabla ya kufika kwetu, na leo nina maneno na wewe ambayo ulipokuwa hai nisingethubutu kuyatamka bila kuinama.

Unamkumbuka Masanja alivyofika? Alitoka kaskazini na mke, watoto, na ng'ombe waliojaza njia yote ya kwenda Chimala. Alisimama uani akasalimu kwa lugha ya kwao, "Mwangaluka." Ukamjibu kwa salamu yetu, "Kamwene." Hakuna aliyemwelewa mwenzake, mkacheka wote wawili, halafu ukaniagiza, "Mpe mgeni maji." Kwetu mgeni hupewa maji kabla hajaulizwa jina. Akanywa kibuyu kizima. Mama alininong'oneza jikoni, "Huyu akinywa hivi, na wale ng'ombe je?" Mama hakusoma hata darasa moja, lakini hilo lilikuwa swali la kitaalamu.

Halafu wakaja wataalamu wenyewe, kwa Landrova, kutoka Mbeya. Mkubwa wao alivaa kaptula na soksi ndefu, kijana mpole tu. Akakwambia wanataka kuchimba mfereji kutoka mtoni, wenye banio la saruji la kuingizia maji, ili kila nyumba iwe na majaruba yake ya mpunga.

"Mzee, katika nyumba zako kumi mpo wangapi?"

"Tupo, mwanangu."

"Naona mpo. Wangapi?"

"Tupotupo tu."

"Tupotupo ni watu wangapi, mzee?"

"Wachache."

Nilisimama nyuma yako, mtu mzima mwenye ndevu, nikijizuia kucheka. Ulikuwa umetufundisha tangu tukiwa wadogo kwamba watoto hawahesabiwi kama mbuzi. Ukimhesabu mtoto unamwonyesha kwa kifo. Tena mkoloni alipowahesabu zamani, kilichofuata kilikuwa kodi. Kwa hiyo wewe ulikuwa na sababu mbili, na mtaalamu alikuwa na swali moja tu.

Akapita nyumba hadi nyumba. Kila alipoona mtoto akauliza ni wa nani, na kila mama akajibu, "Wa jirani." Siku ile nyumba zako kumi zilijaa watoto wa jirani, na jirani mwenyewe hakuwa na mtoto. Masanja ulimwambia aswage ng'ombe na familia yake waingie porini. Kengele ya dume ikalia huko huko.

"Kengele gani hiyo?" kijana akauliza.

"Ya kanisa," ukamjibu, bila kupepesa macho. Kanisa la karibu lilikuwa mbali huko Chimala.

Nadhani alijua. Alikaa chini kwenye kigoda, akakueleza taratibu kama mtu anayembembeleza mgonjwa ameze dawa. "Mzee, mimi si wa kodi. Nikijua mpo wangapi leo, nitakisia mtakuwa wangapi watoto hawa wakizeeka. Maji ya mfereji nayapima kwa hao."

"Wasiozaliwa nao unawahesabu?"

"Ndiyo kazi yangu."

"Basi wewe ni mganga," ukasema, na uwanja mzima ukaangua kicheko. Alipoondoka ulijipiga paja: "Tumemkomesha!"

Tulimkomesha kweli, Baba. Akatuchimbia mfereji wa watu wachache.

Uliuona mwembamba, ukasifu kwamba kuku anauruka. Mwaka wa kwanza maji yalifika. Nakumbuka ulivyosimama jarubani, suruali umeikunja hadi magotini, ukinawa uso mara kwa mara na hauna vumbi. Na wakati wa kugawa viwanja, wewe balozi, uliyekuwa na haki ya kuchagua, ukampa Masanja pale juu karibu na banio. "Mgeni hakai mkiani," ukasema. Mkia, kule maji yanakoishia, ukajipa mwenyewe. Na sisi wanao tukawa wa mkiani.

Masanja akawaita kaka zake. Kaka zake wakawaita mashemeji. Wa milimani nao wakasikia mpunga unakubali, wakateremka na majembe. Operesheni ya vijiji ikatuletea wengine kwa malori, wakashushwa na vitanda vyao. Siwalaumu peke yao. Tuliokuwepo nasi hatukulala usingizi tu. Kila nyumba iliongezeka, na mfereji haukuzaa.

Kisha ikaja zamu ya maji. Kamati ikaamua igawe kwa idadi ya watu walioandikwa. Ulikwenda mkutanoni na fimbo yako, ukasimama.

"Nyumba zangu zina watu wengi. Tupo!"

Mwenyekiti hakuwa na ubaya. Alisema tu, "Mzee, ulisema wachache. Wengine wote hawa katika hesabu ya maji hawapo."

Kuna mtu nyuma akadakia, "Labda ni wa jirani!" Wakacheka, Baba. Kicheko kile kile cha uwanjani kwako, isipokuwa safari hii hakikuwa chako. Ulikaa chini polepole. Nilitaka kukushika mkono, sikuushika.

Mpunga wetu ulikauka ukiwa na mimba. Ulikuwa ukienda kila asubuhi kuutazama, unabinya suke, unaliachia. Kiangazi kile kile kifua kikakubana, nasi tukakuzika kabla ya mvua. Sisemi ni maji yaliyokuua. Nasema tu hukuwa ukikohoa hivyo mfereji ulipokuwa umejaa.

Siku ya mazishi hapakuwa na maji ya kupikia waombolezaji. Masanja akaja na pipa juu ya mkokoteni, kutoka pale juu ulipompa. Alilia kuliko sisi. "Alinipa maji kabla ya jina," akawa anarudia. Nilimchukia, na nikanywa maji yake, kwa sababu nilikuwa na kiu.

Kaka amekwenda Igowole kuchuma chai. Amesema harudi kwenye jaruba la vumbi. Mimi nimebaki na Mama mkiani mwako.

Juzi wamekuja tena. Safari hii binti mmoja, anasema wanataka kupanua banio, na anauliza swali lile lile: "Mpo wangapi?" Mama akakohoa, kikohozi cha kunionya, unakijua. Nikafungua mdomo ukawa mzito kama natukana kaburini kwako. Halafu nikawataja mmoja mmoja, kwa majina, huku Mama amejifunika uso kwa kanga. Nikamwonyesha na kwa Masanja, wote.

Nilipomaliza nikamwita mke wangu asimame mlangoni. "Na huyu andika."

"Huyu mama nimeshamwandika."

"Aliye tumboni."

Akacheka. "Baba, wa tumboni haandikwi."

"Dada," nikamwambia, "huyo ndiye nitakayempeleka mferejini kazi ikishakwisha. Sisi wengine tumeshazoea kiu."

Sijui kama aliandika. Usinikasirikie. Au nikasirikie, lakini ukiwa na wazee wenzako huko, waambie wamlinde. Nimeshamtaja.

Mimi mwanao,
usiyemhesabu.