Mguu Usiosikia

Muganza, Rusizi
Tarehe 9 Machi 2025

Mpendwa mdogo wangu Chloé,

Amani ya Bwana ikukute huko Lubumbashi. Kifua kimetulia? Na shemeji, na watoto? Sisi tupo. Vumbi la kiwanda cha saruji linatukohoza, lakini mpunga unaota vizuri.

Uliniuliza habari za mume wangu Habumugisha. Ule ugonjwa wa mishipa ya fahamu, sclérose, hautaondoka, docteur alishasema. Miguu yake haisikii vizuri, lakini akilala inakakamaa na kurusha mateke. Mwezi uliopita alinipiga mgongoni hadi nikaanguka chini. Habumugisha aliona haya sana. Asubuhi aliniomba niwe nalala kwa watoto, na toka hapo akawa kimya hata mezani.

Nilitaka kujua: vidonge vya kulegeza misuli ni vilevile, mbona mateke yanaongezeka? Majirani walikuwa na jibu lao, uchawi. Mume wangu alitaka kuacha vidonge. Docteur alimkataza, akasema kuviacha ghafla ni hatari, akatutuma kwa Maman Nyiraneza, kiné anayenyoosha viungo.

Huyo hakuanza na misuli. Aliuliza kama mkojo unachoma, kama choo kinapatikana, kama blanketi linabana. Kisha akamvua soksi. Ukucha wa kidole gumba ulikuwa umeingia nyamani, unatoa usaha, na mwenyewe hakujua.

Nikamuuliza, mguu usiosikia unajuaje kwamba unaumia?

Akasema, "Habari inafika mu mugongo, haifike mu kichwa. Mugongo unajibu peke yake, na mateke."

Chloé, neno hilo ninalifikiria hata nikipalilia.

Kidole kilitibiwa. Sasa kila jioni ninamnyoosha miguu polepole, ninakagua vidole kama vya mtoto mchanga. Mateke yamepungua, hayajaisha.

Juzi alinikuta nikitandika chumbani kwa Kamikazi wetu na wadogo zake. Alisimama mlangoni na fimbo yake.

"Rudi ku kitanda, Maman Kamikazi. Nikikupiga, uniamushe, tutafute ni nini."

Nimerudi. Nikipigwa tunawasha taa: mara ni shuka limemkaza, mara ni kibofu kimejaa, mara hatuoni kitu. Basi tunakaa tunabishana ni nini, na yeye ndiye anayeongea zaidi.

Nisalimie Papa Balagizi na Maman Patricie. Mungu akulinde unapolala na unapoamka.

Dada yako asiyekusahau,
Nzigire